Mwalimu Aliyepima Mwanya

Mwalimu aliyewafundisha watoto wetu fizikia kwa Kiswahili, katika chumba cha chini cha kanisa moja huko North York, ndiye yuleyule ambaye zamani, akiwa Tanzania, aliwavika wanafunzi kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili. Si watu wawili waliofanana. Nimelithibitisha kwa mtu aliyevikwa, na kabla yake nilikuwa nimeshaambiwa na mvishaji mwenyewe, akiwa ameketi kando yangu garini, mkanda kaufunga, mikono kaiweka juu ya magoti.

Lakini kwanza niseme alivyokuwa, maana wengi wetu tulimjua miaka bila kulijua hilo.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Wazee wenzake walimwita Mwalimu, watoto walimwita Mwalimu, na mfamasia wa Kitamil pale Agincourt, karibu na nyumba ya binti yake alikokuwa akiishi, alimwita Mista Mwalimu akidhani ndilo jina la ukoo. Hakumsahihisha. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyowalazimisha watu kunyamaza ili wamsikie. Alifunga tai hata siku za theluji, ndani ya koti zito ambalo hakulivua mahali popote mpaka ahakikishe kuwa chumba kina joto, na joto lenyewe hakulisadiki kwa kuambiwa. Alikuwa akiweka kiganja juu ya bomba la hita, anasubiri, kisha anaanza kufungua vifungo.

Katika mfuko wa ndani wa koti ilikaa rula ya mbao. Alipima vitu ambavyo watu wengine huvitazama tu. Siku ya kwanza kula kwetu alimwambia mke wangu, "Shemeji, chapati hii milimita nne. Ya binti yangu inafika saba, ndiyo maana naitafuna mpaka taya zinauma." Mke wangu hakujua kama amesifiwa. Mpaka leo akisukuma chapati huuliza kama imefika nne.

Tabia yake nyingine iliwashtua watu wasiomjua. Popote palipo na taa kali, aliinua vidole viwili mbele ya jicho, akavisogeza mpaka vikakaribia kugusana, akachungulia katikati yake. Alifanya hivyo kwenye foleni ya benki, na alifanya hivyo katika stesheni ya treni ya chini ya ardhi, nami nikiwa pembeni naona aibu, mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama anajisikia vizuri.

"Najisikia vizuri," Mwalimu akamjibu kwa Kiingereza chake cha shule ya zamani, kila neno likiwa limepigwa pasi. "Lete vidole vyako."

Mlinzi akacheka, akaleta. Akachungulia taa ya jukwaani. Kicheko kikakatika. Katikati ya vidole viwili vilivyokaribia kugusana, ukitazama vizuri, kuna mistari myeusi, myembamba kama nyuzi, imejipanga. Haiko kwenye vidole wala kwenye taa. Treni ilikuja ikaondoka, na yule mlinzi bado ameinua mkono.

Darasa lilianza kwa sababu ya wajukuu. Binti yake alikuwa na watoto wawili waliosikia Kiswahili chote lakini hawakukijibu. "Nawauliza mmekula," alinieleza. "Wananijibu kwa Kiingereza kwamba wameshiba. Naona chakula kimeingia, lugha imebaki mlangoni." Akaamua kuwafundisha kitu ambacho wangekitaka, fizikia ya darasa la kumi na mbili, kwa lugha ambayo hawakuitaka. Habari zikaenea, wakaongezeka wengine. Kazi yangu ilikuwa kufungua chumba kila Jumamosi asubuhi na kumpa Mwalimu lifti.

Wazazi walikuwa na wasiwasi wao. Mkenya mmoja, mtu wa kompyuta anayekaa Mississauga, alimkabili wiki ya kwanza kabisa.

"Mwalimu, mtihani ni wa Kizungu. Si utawachanganya hawa watoi?"

"Wameshachanganyikiwa kwa Kiingereza, ndugu yangu. Ndiyo maana umewaleta."

Yule baba alicheka akaenda kuegesha gari vizuri. Watoto wake walikuja mpaka mwisho.

Somo ambalo kila mtoto aliyepita pale analikumbuka ni la mwanya. Mwalimu alikuwa amebandika nyembe mbili kwenye fremu ya kadi ngumu, makali yakitazamana, katikati pamebaki nafasi ambayo jicho haliwezi kuipima. Mtunzaji wa jengo, mama mmoja wa Kifilipino, alikataa katakata nyembe zisiingie kanisani. Walibishana wiki mbili. Mwishowe Mwalimu akaongeza kadi juu ya kadi mpaka pakabaki mwanya peke yake, usioweza kumkata mtu, na yule mama akapitisha ukucha wake pale, akaridhika. Tangu hapo alikuwa akija kusimama mlangoni taa zikizimwa.

Taa zilizimwa, Mwalimu akashika kalamu ya leza, ile ya bei rahisi ambayo watu huchezeshea paka, akailenga kwenye mwanya.

"Mwanga ukipita hapa, ukutani mtaona nini?"

"Mstari mwembamba," wakajibu.

Kilichotokea ukutani hakikuwa mstari. Kilikuwa doa jekundu lililojinyoosha kwa ubavu, pana, halafu kulia na kushoto kwake giza, kisha madoa mengine madogo hafifu, giza tena, madoa tena, mpaka yakaishia.

"Mwalimu, ile mwangaza iko nadanganya, vraiment," alisema kijana mmoja wa Kikongo, akimalizia kwa Kifaransa.

"Inabend aje na hakuna kitu inaigusa?" akauliza mtoto wa yule Mkenya.

Hapo ndipo Mwalimu alipokuwa na furaha kuliko mahali pengine popote. Alikataa neno kupinda. Msumari uliopinda hubaki umepinda, alisema, mwanga haukubaki hivyo. Alikataa kutawanyika, kwa sababu kuku ndio hutawanyika, kila mmoja na njia yake, bila mpango. Hapa mpango upo, hesabuni mistari. Wakapendekeza, akakataa, wakapendekeza tena. Neno walilolipokea wote lilitoka kwa msichana aitwaye Neema, aliyekuwa akisema Kiswahili kwa kuibia, kama anayeonja supu ya moto. Alisema, "Kama mawingu. Yana... yanatanda."

Mwalimu akaliandika ubaoni: mwanga hutanda. Kisha akabana nyembe kidogo, mwanya ukapungua, na ukutani doa likapanuka. Akazibana tena, likapanuka zaidi. Watoto walipiga kelele. Walitarajia kinyume chake, kama sisi sote.

Neema alikuwa na swali jingine siku hiyo. Alitaka kujua kwa nini kitu hiki kiitwe mwanya, wakati nyumbani kwao mwanya ni nafasi ya kwenye meno.

"Nani anao kwenu?"

"Mama. Hapa mbele."

"Basi mwambie ana bahati. Huo wake hauhitaji leza."

Mchungaji, ambaye naye alipenda kuja kutazama, aliona mahubiri yamejileta yenyewe. Akasimama akaanza, "Watoto, mnaona jinsi mtu akibanwa na dunia..."

"Mchungaji," Mwalimu akamkatiza kwa ile sauti ndogo, "huu ni mwanga tu."

Hesabu yake ilikuwa hii, nami niliyefeli fizikia nimeishika. Huwezi kupima mwanya wenyewe, ni mdogo mno kwa rula. Unapima kile ambacho mwanya unakifanya ukutani. Mara mbili ya urefu wa wimbi, ambao umeandikwa kwenye kalamu ya leza, zidisha kwa umbali kutoka mwanya hadi ukutani, gawanya kwa upana wa doa la kati. Upana huo unapimwa kutoka giza hadi giza. Aliwaimbisha maneno hayo: giza hadi giza. Ukuta ulikuwa mita mbili, doa lilitoka sentimita mbili na nukta sita, na mwanya ukawa sehemu moja ya kumi ya milimita. Alipenda sana kwamba rula ileile ya chapati, ikisaidiwa na ukuta, inaweza kupima kitu chembamba namna hiyo.

Hakuwa mtu mwepesi. Sifa alizitoa kwa uchoyo. Jibu sahihi lilipata "endelea". Mtoto aliyechelewa alibaki amesimama nyuma mpaka aalikwe kuketi, na baadhi ya wazazi hawakupendezwa. Alikuwa mkali kwa wajukuu wake mbele ya watu, halafu ukimkuta peke yake nao yuko sakafuni, tai imelala begani, anajenga daraja la vijiti vya aiskrimu. Alidai hapendi kuitwa mzee, na alidai heshima yote ya uzee. Kwake shikamoo haikuwa na mjadala. Mtoto asiyeitoa alisubiriwa, kimya, mpaka aitoe, na marahaba yake ilikuwa ndefu, ya kushuka, kama mtu anayeketi.

Mwaka huohuo wa Neema, theluji ikiwa bado nene, tulikwama nyuma ya katapila la kusafishia theluji kwenye barabara ya Sheppard. Nilimuuliza, kwa kutaka mazungumzo tu, kama kule nyumbani pia alikuwa akifundisha kwa Kiswahili hivi.

"Kule nilikuwa mwalimu wa nidhamu, bwana mdogo. Kibao kilikuwa changu."

"Kibao gani?"

Akanionyesha kwa viganja ukubwa wake. "Kina kamba ya katani. Kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba huyu amevunja sheria ya lugha. Anayesikika akisema Kiswahili anavikwa, anakaa nacho mpaka amsikie mwenzake, amvike yeye. Atakayekuwa nacho jioni anakuja kwangu."

"Unamfanya nini?"

"Anafyeka majani. Siku nyingine fimbo."

"Ulilazimishwa?"

"Ningelazimishwa ningekuwa na nafuu. Niliamini. Nilikuwa nikiwaambia wageni wa shule kwamba hapa hutasikia neno la Kiswahili mpaka likizo."

Katapila liligeuka kushoto, nikaongeza mwendo. Alisema kwamba baadhi ya wale wanafunzi lazima wako huku Kanada. Walikuwa wazuri, wazuri huondoka. Akikutana na mmoja wao atamwomba radhi, hilo ameshaliamua. "Shida yangu ni nyuso. Maksi za mtu nazikumbuka mpaka leo. Uso umenitoka." Kisha akanieleza jambo la pili, kama vile ni dogo: binti yake amepata kazi Calgary, na mwisho wa Juni wote wanahama.

Mama Neema alikuja Aprili. Ni muuguzi, Mtanzania, wa umri wa miaka arobaini na kitu, mcheshi akiwa na wenzake, na kweli ana mwanya. Mpaka siku hiyo alikuwa akimshusha mtoto mlangoni na kuondoka. Kitu kimoja tu kilikuwa kimesemwa juu yake kati ya wazazi, kwamba hampi Mwalimu shikamoo. Akimwona kwa mbali husema "Habari za leo", kama anayemsalimia mtu wa rika lake. "Kanada imemharibu huyo," mama mmoja alisema. Lakini mimi nilikuwa nimemsikia akimpa shikamoo mama mmoja mzee pale nje, tena kwa kuinama.

Siku hiyo aliingia mpaka ndani, Neema nyuma yake akiomba ardhi ipasuke.

"Habari za leo, Mwalimu. Mwanangu amepata alama mbaya shuleni kwa kitu ulichomfundisha wewe."

Shuleni kwa Neema walikuwa wamefanya jaribio hilohilo, na mwanya ulikuwa wa upana uleule. Mwalimu wao aliwapa fomula isiyo na ile mara mbili, akawaambia wapime umbali mpaka giza la kwanza. Alikusudia waanzie katikati ya doa. Neema, aliyekuwa ameimba giza hadi giza miezi mitatu, alianzia giza la upande wa pili. Akapima doa zima mahali alipotakiwa kupima nusu yake, na mwanya ukatoka nusu ya ulivyo. Darasa lote la shuleni lilipata sehemu moja ya kumi ya milimita. Yeye alipata nusu yake, peke yake, na akaitetea mbele ya wenzake.

Mwalimu alimsikiliza mama mpaka mwisho. Halafu akasimama.

"Neema amepima vizuri. Mimi ndiye sikumwambia kwamba kuna watu wanaanzia katikati. Namwomba radhi. Na wewe mama nakuomba radhi."

Ilikuwa rahisi mno kwake, nilivyoona. Mama Neema alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Hilo tu?" akauliza.

"Kuna jingine?"

"Wewe ndiye mwalimu," akasema, akatoka.

Nilimfuata mpaka kwenye maegesho, nikidhani bado amekasirikia alama. Alikuwa ameegemea gari, funguo mkononi. Aliniambia bila kuulizwa. Alikuwa kidato cha pili. Baba yake alikuja kumtembelea, mtu wa shamba, akiwa na kuku na mkungu wa ndizi, akamwita kutoka getini. Wakaongea, kwa Kiswahili, maana baba hakuwa na lugha nyingine ya kuongea na watu wa shule. Mwalimu alikuwa akipita. Alienda akakileta kibao, akamvika palepale, akaendelea na njia yake.

"Baba hajui Kiingereza. Akakitazama, akafurahi. Akaniambia, 'Umekuwa kiranja?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo." Alicheka kidogo, yale meno yakaonekana. "Akaenda akawatangazia kijiji kizima. Amekufa anajua nilikuwa kiranja."

Nikamwambia kwamba Mwalimu anataka kuwaomba radhi, ameniambia mwenyewe, tatizo lake ni nyuso. Ninaweza kumwambia leo hii.

"Usimwambie."

"Anahama Juni, Mama Neema."

"Ndiyo anahama. Nikimkumbusha mimi, ataniomba radhi kama alivyoniomba sasa hivi juu ya doa. Anikumbuke mwenyewe."

Nikaahidi. Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwangu, maana nilimbeba mmoja garini na kumpokea mwingine mlangoni. Alianza kuingia ndani kila Jumamosi, anakaa kiti cha nyuma, sare ya kazi ndani ya koti, anawatazama watoto wakipima. Sijui alikuwa akimpa Mwalimu nafasi au alikuwa akijisikilizia somo. Mwalimu alimtazama mara kwa mara. Siku moja garini aliniuliza, "Yule muuguzi anatoka mkoa gani?" Nikajibu kwamba sijui, na kweli sikujua. Akaitoa rula, akaigeuza geuza, akairudisha mfukoni.

Jumamosi ya mwisho tulipika. Kulikuwa na pilau, sambusa, chapati za milimita nne. Mchungaji aliomba, safari hii kwa ufupi. Baada ya kula, wazazi walipita mmoja mmoja kuaga. Mwalimu alikuwa ameketi, magoti yalikuwa yakimsumbua, na kila mmoja aliinama, "Shikamoo Mwalimu," naye akaitikia kwa ile marahaba yake ya kushuka, akaongeza neno kwa kila mmoja. Yule Mkenya aliambiwa, "Watoi wako hawakuchanganyikiwa."

Mama Neema alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameshika bakuli la plastiki la chapati, mfuniko haujakaa sawasawa. Alisimama wima mbele ya kiti.

"Mwalimu, safari njema."

Mwalimu alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, akainuka. Ilichukua muda. Akafunga vifungo vya koti, vyote, ingawa chumbani mlikuwa na joto. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Watoto wakaangua kicheko. Kwa mtu mzima wa umri wake kumwamkia hivyo mtu anayeweza kuwa binti yake, hilo ni jambo linalofanywa kwa mzaha tu, babu akicheza na mjukuu. "Mwalimu, umegeuza!" Neema akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti. Mwalimu naye alitabasamu, au midomo yake ilifanya hivyo. Lakini kichwa hakukiinua haraka.

Mama Neema alibonyeza mfuniko wa bakuli, kona moja, kona nyingine, mpaka ukalia. Akasema ameegesha gari vibaya, akatoka.

Nimefanya ninachoweza kulijua hili vizuri. Nilimpigia Mwalimu simu Calgary, nikamuuliza waziwazi kama siku ile alikuwa akitania. "Nilimsalimia," akasema. Nikamuuliza kama alijua anamsalimia nani. Akaniuliza kama Neema amefaulu. Nikamwambia amefaulu. "Basi mwambie mama yake," akasema, kisha akaanza kueleza theluji ya huko, jinsi inavyoanza mapema, mpaka simu ikakatika.

Nilimweleza Mama Neema yote, bila kuongeza wala kupunguza. Alisikiliza akiwa anavaa viatu vya kazi. Akaomba namba, nikampa, akaihifadhi mbele yangu chini ya jina la Mwalimu. Nikamuuliza kama atampigia amwitikie marahaba, au amwambie hastahili kuitikiwa.

"Majibu yote mawili ninayo," akasema.

Hilo lilikuwa kabla ya Krismasi. Hajapiga.